Mwanangu, uliza kwanza wenye kampuni ni nani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia ofisini wamekukabidhi hati ya madai ya kupeleka mahakama ya shirikisho ya Marekani. Ila umeniambia mdaiwa ni "LLC ya Delaware", yaani kampuni iliyosajiliwa jimbo la Delaware ambayo wenyewe huitwa wanachama, na hapo ndipo nataka usimame.

Katika shauri kama lako, lisilotokana na sheria ya shirikisho, hakimu hana mamlaka mpaka wadai wote wawe raia wa majimbo tofauti na ya wadaiwa wote, na dai lizidi dola 75,000. Kampuni ya hisa haisumbui sana. Ni raia wa jimbo iliposajiliwa, na pia wa jimbo yalipo makao yake makuu. Katika kesi ya Hertz, mwaka 2010, Mahakama ya Juu ilikata mzizi wa fitina: makao makuu ni pale wakubwa wanapokaa kuiongoza kampuni, hata kama biashara nyingi iko kwingine.

LLC ni habari nyingine kabisa. Usajili wake wa Delaware hauhesabiwi. Hubeba uraia wa kila mwanachama wake, na mwanachama akiwa LLC nyingine, unaifukua na hiyo, mpaka uwafikie watu wenyewe.

Soma kesi ya Belleville Catering ya 2003. Mawakili walinakili kutoka mkataba wa pango kwamba mteja ni kampuni ya Missouri, kumbe ilisajiliwa Illinois. Upande wa pili ulikuwa LLC, nayo ilikuwa na wanachama wa Illinois. Kesi ikasikilizwa hadi mwisho, juri ikatoa dola 220,000, kisha mahakama ya rufaa ikafuta kila kitu. Majaji waliwaambia mawakili kwamba njia bora ya kuwafidia wateja ni kuimaliza kazi kwenye mahakama ya jimbo bila kutoza ada zaidi. Huwa nawafikiria wale wateja: fedha na muda wao vilipotelea kwenye swali ambalo lingeulizwa siku ya kwanza.

Uliza pia kama kuna mwanachama Mmarekani aliyehamia nje moja kwa moja, kama mjomba wako aliyerudi Tanga na pasipoti yake ya bluu. Mtu huyo si raia wa jimbo lolote, wala hahesabiwi kuwa raia wa nchi ya kigeni. Mwaka 1989, katika kesi ya Newman-Green, mdaiwa mmoja Mmarekani aliyehamia Caracas alitosha kuharibu mamlaka ya mahakama, ikabidi aondolewe ndipo shauri liokoke.

Tangu Desemba 2022 kanuni ya mahakama za shirikisho inamtaka kila mhusika ataje uraia wake kwa maandishi, lakini wewe usingoje hiyo. Mwandikie wakili wao kabla hujafungua shauri, umwombe majina ya wanachama wote na majimbo yao. Akikunyima, mshauri mkuu wako mfungue mahakama ya jimbo.

Nijulishe watakavyojibu.

Mama yako