Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mlezi wa mwanafunzi wa uuguzi asiwe yule anayempa alama

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mbeya. Ni Julai, baridi imetushika, na wanafunzi wa uuguzi wanaingia wodini asubuhi wakiwa wameficha masweta chini ya sare. Mimi ni muuguzi. Nimewapokea wanafunzi hawa kwa miaka mingi, na ninakuandikia kwa ajili yao.

Wengi wamemaliza kidato cha nne juzi tu. Mwanafunzi wa fani nyingine akibanwa, amebanwa na karatasi. Huyu wetu anaweza kushika maiti alfajiri, kisha mchana akatakiwa darasani, huku akiwaza sapu, yaani mtihani wa marudio, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Binti mmoja wa Kyela alimhudumia mama mgonjwa wiki nzima: kumnywesha uji, kumgeuza, kumpiga stori. Mama akafariki zamu ya usiku. Binti akasaidia kuuhifadhi mwili, akaenda kunawa, akabaki pale kwenye sinki maji yanamwagika tu. Nikamuuliza kama ataongea na mwalimu wake mlezi. "Sista, yule ndiye ananisainia. Akisikia nimelia wodini ataandika kazi imenishinda."

Mheshimiwa, hapo ndipo penye kidonda. Mlezi yupo, lakini ndiye anayesahihisha, ndiye anayesaini mazoezi ya vitendo, na ndiye anayekaa kwenye kikao cha kuamua nani arudie mwaka. Nani atamfungulia moyo mtu huyo?

Ushauri wa masomo nao huja matokeo yakishabandikwa ubaoni. Nimeona mwanafunzi aliyekosa usingizi kwa sababu ya somo moja akitulia baada ya mwalimu kukaa naye nusu saa, wakapanga namna ya kusoma katikati ya zamu, akaelezwa kwamba somo hilo linarudiwa. Hakuhitaji kidonge. Alihitaji kuambiwa mapema.

Na ajabu ni kwamba tunawafundisha kutambua sonona kwa wagonjwa. Mwanafunzi mwenyewe akianza kuchelewa, kukonda na kujitenga, tunamwita mvivu. Baadhi ya wenzangu huongeza kwamba wao walipitia magumu zaidi, kana kwamba hiyo ni sifa.

Ombi langu ni kwamba uelekeze vyuo vitenganishe ulezi na alama. Mlezi afike wodini wanafunzi wakiwa kazini, asisubiri ofisini. Na anayekutana na kifo kwa mara ya kwanza, mtu mzima akae naye kabla hajarudi hosteli, hata dakika kumi. Bajeti isiwe kisingizio: hospitali za rufaa zina maafisa ustawi wa jamii, na wauguzi wa afya ya akili tunao. Wapewe jukumu hilo kwa maandishi na muda wake uonekane kwenye ratiba, maana kazi ya hiari huishia pale zamu inapozidiwa.

Ukimtuma mtu kuja kuwasikiliza wanafunzi, naomba aje bila kuongozana na walimu wao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi, Mbeya