Fomu za kusimamishwa na polisi: zirekebishwe kabla ya kikao

Habari zenu ndugu zangu. Fomu nyingi mlizoleta zinataja rangi ya aliyesimamishwa, lakini hazina sababu aliyopewa wala matokeo. Bila hivyo viwili, hoja yetu kwamba polisi huwasimamisha weusi kwa sababu ya rangi haitasimama kwenye kikao mbele ya mkuu wa kituo cha polisi.

Andikeni siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali hasa, namba ya askari, sababu kwa maneno aliyoyatamka, kama alipekua na alikuta nini. Majina ya watu msiyatume humu kabisa.

Tena, tusilinganishe waliosimamishwa na idadi ya wakazi peke yake. Watatujibu kwamba wanaopita barabara tunakosimamishwa si wakazi tu, na hapo watakuwa sahihi. Kipimo chenye nguvu zaidi ni matokeo ya upekuzi: kama weusi wanapekuliwa mara nyingi zaidi lakini wanakutwa na vitu haramu kwa kiwango kidogo kuliko wazungu, basi weusi wanapekuliwa kwa shaka hafifu zaidi. Katika kesi ya New York kuhusu polisi kusimamisha na kupekua watu, iliyoamuliwa 2013, mahakama ilipitia matukio milioni 4.4 ya watu kusimamishwa kati ya mwaka 2004 na 2012. Asilimia 88 yaliisha bila mtu kukamatwa wala kuandikiwa kosa.

Tutaomba sababu iandikwe kila mara, anayesimamishwa apewe nakala, na takwimu zichambuliwe kwa kila askari, maana wastani wa kituo huwaficha wachache wenye tatizo.

Fomu zilizorekebishwa zinifikie Ijumaa jioni, tafadhali.