Afisa wa leba, daftari wachana nalo, angalia risiti

Kwako afisa wa leba, Kisumu. Habari ya kazi mkuu.

Mimi ni weita kwa hoteli moja hapa mjini, zile za samaki na ugali, jina siweki. Naandika saa sita usiku nikiwa Manyatta, miguu iko kwa beseni ya maji ya chumvi, so makosa ya herufi unisamehe.

Kwanza hilo daftari. Liko pale kaunta, asubuhi unaandika jina na saa mbili umefika, sawa. Saa kumi na moja jioni manija analizungusha na biro yake, kila mtu anasaini ametoka, halafu hakuna mtu anatoka, tunarudi jikoni na samaki za ngege ndio kwanza zinaingia mafutani. Kutoka ni saa nne, saa tano kama timu ya Gor Mahia wamecheza. Sasa ukiuliza ovataimu unaonyeshwa sahihi yako mwenyewe.

Hesabu si ngumu. Saa 14 kwa siku, toa hata moja ya chakula (tunakula tukiwa tumesimama lakini wacha niitoe), siku 6 ni saa 78. Kanuni za jumla za mishahara zinasema 52 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, na ukiitwa siku ya ofu ama holidei ni mara mbili. Holidei ya Madaraka ya 2025, sherehe ya taifa si ilikuwa Homa Bay, wageni wakajaa mpaka huku, tukauza samaki zikaisha. Tulipewa soda.

Na huo mshahara wenyewe unakuja vipande vipande kwa M-Pesa, elfu tatu leo, elfu mbili wiki ijayo, karatasi ya kuonyesha nimekatwa nini hakuna, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema lazima nipewe. Kastoma akihepa na bili analipa weita.

Wenzangu wanasema bila barua ya kazi huna kesi. Si kweli, barua ni mwajiri alitakiwa aandike, na mkifika kortini akikosa kuitoa mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Lakini miaka 3 ikipita umechelewa kushtaki, na kuna mama wa kuosha vyombo hapa ako na deni la zamani kuliko hilo.

Sikuombi wakili. Nakuomba usije asubuhi, asubuhi kila mtu ametoka kulala na daftari liko safi. Njoo usiku, na usianze na manija, anza na huyo mama wa vyombo. Halafu itisha nakala za risiti za mashini, kila moja imechapwa jina la weita na saa. Hiyo hakuna biro inaizungusha.

Ijumaa ni poa. Kaa meza ya karibu na jikoni, agiza hata chai tu, mimi ndio nitakuletea bili, uangalie saa iliyoandikwa pale chini.