Mto Fleet: muda umebadilika, tafadhali thibitisheni

Habari za jioni ndugu zangu,

Matembezi yetu ya Jumapili hii ya kufuata Fleet, mto wa London uliofunikwa na sasa unapita chini ya barabara, yapo palepale, ila badala ya saa 3 tutaanza saa 5:00 asubuhi. Nimesogeza muda ili tufike daraja la Blackfriars wakati wa maji kupwa, maana ndipo mdomo wa Fleet unapoonekana kwenye ukingo wa mto Thames.

1. Tunakutana mbele ya stesheni ya King's Cross. Ni kama kilomita 3, taratibu.

2. Ray Street, Clerkenwell, tutasimama kwa zamu. Pale kuna mfuniko wa chuma wenye matundu barabarani. Ukitega sikio unausikia mto ukipita chini ya miguu yako. Mara ya kwanza nilipousikia nilinyamaza kabisa. Magari yanapita, kwa hiyo watoto washikwe mikono.

3. Kisha Farringdon hadi Holborn Viaduct, daraja lililofunguliwa 1869 kuvuka bonde la mto huuhuu. Ukitazama chini unaona magari tu, lakini bonde bado lipo.

4. Mchango ni pauni 2 za kuchapisha ramani. Watoto bure.

Nahitaji watu wawili wa kutembea nyuma, asiachwe mtu. Anayetumia kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto aniambie mapema nipange njia isiyo na ngazi.

Tafadhali andika NAJA na idadi yenu kabla ya Ijumaa saa 2 usiku. Usiyeweza, andika pia.

Asanteni sana.