Ndege kivuli kwenye skrini

Habari zenu marubani. Mmeuliza sana kuhusu ile ndege inayokung'ang'ania mkiani kwenye skrini ya kuonyesha ndege za jirani, mwinuko uleule na wako, kisha ukikata kona inaruka pembeni na kengele inalia. Kwa tunaoruka Marekani, mara nyingi ni wewe mwenyewe: rada ilikuona sekunde kadhaa nyuma, mfumo wa ardhini ukashindwa kuoanisha taarifa hiyo na ADS-B yako (mawimbi ambayo ndege yako inatangaza mahali ilipo), ukakurushia kama ndege nyingine. Wenye vipokezi vya ADS-B vya kubebeka, hakikisheni namba ya ICAO (utambulisho wa kipekee wa ndege) mliyoingiza ndiyo ya transponda yenu (kifaa cha ndege kinachojibu rada). Herufi moja ikikosewa, kifaa kitakuona kama ndege jirani. Ila msiizoee mkaipuuza. Angalia nje kwanza, na usipinde ghafla kwa kutegemea skrini peke yake. Inayojirudia kila safari, fundi aipime transponda.