Barua kwa somo yangu: madafu, chumvi na umeme wa moyo

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi na watoto hatujambo, mvua tu ndiyo inatuchosha. Mfikishie mama shikamoo yangu, umwambie ile achari yake ya maembe haikumaliza wiki.

Ujumbe wako wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Yule mzee aliyekosa zamu mbili za kusafishwa damu kwa sababu ya nauli, nyumbani wakamnywesha madafu wakiamini yanaosha figo, akaletwa wodini kwenu miguu imelegea, hawezi kusimama. Potasiamu ya damu 8, mara mbili ya kawaida. Kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mawimbi ya T yamechongoka kama vichuguu. Daktari akaagiza kalisiamu, ukaipitisha polepole kwenye mshipa huku macho yako yako kwenye monita, na baada ya dakika chache mawimbi yakaanza kurudi mahali pake. Mkachukua damu tena: potasiamu bado 8. Ndipo ukaniuliza, "Somo, kama potasiamu haikushuka, moyo umerudi kwa kitu gani?"

Nilikuahidi kwamba nitakujibu kwa maandishi, maana jibu hili halienei kwenye simu. Unavumilia? Itabidi tuanzie jikoni.

Chukua chumvi uitie kwenye maji: inayeyuka. Itie kwenye mafuta ya kupikia: inazama, inatulia chini vilevile, hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Chumvi ikiingia majini inaachana vipande vipande vyenye chaji, ndizo ioni, na maji yana namna ya kuzishika na kuzizunguka. Mafuta hayana pa kuzishikia. Sasa utando wa seli ni mafuta. Ni wembamba usiofikirika, kama nanomita 5. Ukizipanga tando 200,000 moja juu ya nyingine ndipo unapata milimita moja. Lakini kwa ioni, huo wembamba ni ukuta. Ndani ya ukuta kuna maji ya chumvi, na nje kuna maji ya chumvi, ila chumvi zenyewe si sawa. Ndani ya seli potasiamu ni kama milimoli 140 kwa lita, nje ni 4. Sodiamu ni kinyume chake: nje 145, ndani kumi na kidogo.

Kwenye ukuta huo kuna milango ya protini, na kila aina ya mlango inapitisha ioni yake. Seli ya moyo ikiwa imepumzika, milango iliyo wazi zaidi ni ile ya potasiamu. Potasiamu imesongamana ndani, basi inatoka. Lakini kila ioni inayotoka inachukua chaji chanya moja, na ndani kunabaki hasi. Hasi hiyo inaivuta ioni inayofuata irudi. Kadiri zinavyotoka ndivyo mvuto unavyozidi, mpaka msukumo wa kutoka na mvuto wa kurudi vinalingana. Hapo ndipo umeme wa seli unapokaa. Haukuja na waya wala betri. Umetokana na chumvi kutolingana pande mbili za ukuta wa mafuta. Mjerumani Julius Bernstein alilisema hilo mwaka 1902, kabla hajakuwapo mtu wa kuweza kuingiza kipimo ndani ya seli ahakikishe.

Na hesabu yake unaiweza, ndiyo maana naipenda. Gawanya 140 kwa 4, unapata 35. Logi ya 35, ya msingi wa kumi, ni 1.54. Zidisha kwa 61, namba inayotokana na joto la mwili. Jibu ni milivolti 94, ndani ikiwa hasi. Sasa rudia kwa damu ya yule mzee: 140 gawanya kwa 8 ni 17.5, logi yake 1.24, mara 61 ni kama 76. Kutoka hasi 94 mpaka hasi 76. Milivolti 18 zimepotea, na ugonjwa wote uliouona kwenye monita umeanzia hapo.

Utasema milivolti 18 ni kitu gani, betri ya rimoti ina volti moja na nusu. Lakini kumbuka ule wembamba wa ukuta. Milivolti 90 juu ya nanomita 5 ni sawa na volti milioni 18 kwa kila mita. Hewa inapasuka na kutoa cheche ikifika kama volti milioni 3 kwa mita. Kila seli ya moyo wako, hapo ulipokaa unasoma, imebeba mkazo mkubwa mara sita kuliko ule, na haipasuki. Hesabu hii nimeifanya ubaoni miaka saba sasa na kila mwaka nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Kuna hesabu nyingine iliyonifanya nimwonee huruma mzee wako zaidi. Kipimo cha maabara kinapima potasiamu iliyo nje ya seli, na hiyo ni kama asilimia 2 tu ya potasiamu yote mwilini. Asilimia 98 imefungiwa ndani. Maji yaliyo nje ya seli kwa mtu mzima ni kama lita 14, mara milimoli 4, inakuja 56. Basi. Hiyo ndiyo potasiamu yote iliyo nje, mwili mzima. Na lita moja ya madafu ina takriban milimoli 50. Mtu mwenye figo nzima anakunywa lita yake pale ufukweni na wala hana habari, kwa sababu insulini inaisukuma potasiamu ndani ya seli haraka, kisha figo zinaitoa kidogo kidogo kwenye mkojo. Yule mzee hakuwa na pa kuitolea. Waliompa walimpa kwa mapenzi, kwa kitu safi kabisa tunachokijua pwani. Ukiongea na familia yake, wape hesabu hii bila kuwalaumu. Nadhani watu wanaelewa zaidi ukiwaambia "lita moja inalingana na yote iliyo nje" kuliko ukiwaambia "madafu marufuku".

Jumamosi nilikwenda soko la samaki la Feri asubuhi nikanunua ngisi, kwa ajili ya chakula na kwa ajili yako pia. Nilimpasua upande wa tumbo, nikamwondoa wino na matumbo taratibu, nikamlaza wazi kwenye ubao. Ukitazama ndani ya ule mfuko wa nyama, karibu na shingo, kila upande kuna kinundu kidogo, na kutoka hapo neva zinatawanyika kama miale ya nyota. Ile ndefu inayoshuka kuelekea mkiani ina ndani yake uzi mmoja mnene, mweupe, kama uzi wa kushonea. Nikauinua kwa ncha ya sindano. Uzi huo ni mkono wa neva, uliotokana na mikono ya seli nyingi iliyoungana kuwa mmoja, na kwa ngisi wakubwa unafika nusu milimita au zaidi kwa unene. Wa kwetu sisi ni mwembamba makumi mpaka mamia ya mara. Ngisi ameupewa mnene hivyo ili akishtuka mwili wote ukamuliwe kwa pamoja, maji yamfyatue akimbie.

Kwa unene huo Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza, mwaka 1939 huko Plymouth, Uingereza, kuchomeka bomba jembamba la kioo ndani ya uzi huo kwa urefu wake na kupima umeme moja kwa moja. Watu walidhani neva ikipitisha taarifa umeme wa ndani unashuka mpaka sifuri tu. Wao waliona unapita sifuri, unageuka, ndani panakuwa chanya kwa milivolti 40 hivi, kisha unarudi. Wiki chache baadaye vita vikaanza na kazi ikasimama kwa miaka. Waliporudi walikuja na jibu: mlango wa sodiamu. Ukuta ukilegea kidogo tu, yaani hasi ya ndani ikipungua, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, ukuta unalegea zaidi, milango ya jirani nayo inafunguka. Unaenda kama moto kwenye paa la makuti, kila kuti likiwasha la pili yake, isipokuwa paa hili linajiezeka upya ndani ya sekunde moja gawanya kwa elfu. Mwaka 1952 waliandika milinganyo yake, na Huxley akaikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ilitabiri taarifa itasafiri mita 18.8 kwa sekunde; kipimo halisi kilikuwa 21.2. Kutoka kwenye tabia ya milango mpaka mwendo wa neva nzima, wakakosea kidogo namna hiyo! Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 1963.

Walichogundua ndicho kinachokujibu. Mlango wa sodiamu una komeo mbili. Moja inafunguka haraka ukuta ukilegea. Ya pili inajifunga yenyewe mara baada ya hapo, na haifunguliwi tena mpaka ukuta urudi kwenye hasi ya kutosha. Moyo wa yule mzee ulikuwa umekwama njiani. Umelegea kwa zile milivolti 18, siku nzima, usiku kucha. Komeo ya pili kwenye milango mingi haikupata nafasi ya kurudi. Milango iliyobaki salama ilikuwa michache, basi moto wa makuti ukatambaa polepole, na wewe ukauona pale monita kama QRS, lile wimbi la umeme unaoenea kwenye vyumba vikubwa vya moyo, iliyotanuka. Ingeendelea hivyo, moyo ungesimama.

Kalisiamu haiigusi potasiamu hata kidogo. Maelezo yanayofundishwa ni kwamba ioni zake, zenye chaji chanya mbili kila moja, zinakusanyika kwenye uso wa nje wa utando. Milango haipimi umeme wa seli nzima, inapima ule uliopo palepale ilipojipachika, na kwa upande wa nje kuongezeka chanya, mlango unahisi kana kwamba ndani pamerudi kuwa hasi zaidi. Kizingiti, yaani kiwango cha umeme kinachofungua milango, kinainuka, na pengo kati ya mapumziko na kizingiti linarudi. Dawa uliyoipitisha ilikuwa inazungumza na milango, huku chumvi iliyosababisha yote bado imejaa nje. Ndiyo maana daktari aliagiza insulini na glukosi mara moja baada yake, na ndiyo maana mashine ya kusafisha damu ilikuwa lazima ifuate. Kalisiamu iliwanunulia muda tu, nusu saa au saa.

Insulini yenyewe inafanya kazi kwenye pampu, na hii sikutaka nikuache bila kuijua kwa sababu unaishika kila siku. Mlango unaacha chumvi zifuate zinakotaka. Lazima kuwe na kitu kinachozirudisha. Jens Skou wa Aarhus, Denmark, aliipata mwaka 1957 kwenye neva za miguu ya kaa: protini inayotoa sodiamu tatu nje, inaingiza potasiamu mbili ndani, na kila mzunguko inatumia molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Chakula chako cha leo, kati ya sehemu ya tano na robo ya nishati unayotumia ukiwa umepumzika, kimekwenda kulipia pampu hii. Digoksini unayowapa wagonjwa wa moyo inaibana pampu hiyohiyo. Na sumu ya mishale ya wawindaji wetu wa zamani, ile inayochemshwa kutoka mti wa msunguti, nayo inaibana hapohapo, ila bila kipimo. Mnyama anayepigwa mshale ule anakufa kwa moyo.

Umenikumbusha pia yule samaki bunju aliyewahi kuliwa na majirani tulipokuwa wadogo, midomo ikawafa ganzi, halafu mikono. Sumu ya bunju inaziba mdomo wa mlango wa sodiamu kama kizibo. Neva zinanyamaza, misuli ya kupumua inalegea, akili iko timamu. Milango ya sodiamu ya moyo imeumbwa tofauti kidogo na sumu haiishiki vizuri, kwa hiyo mtu anakosa pumzi huku moyo bado unapiga. Ndiyo maana hospitalini mgonjwa wa bunju anapumulishwa na mashine mpaka sumu itoke, na wengi wakiwahi wanapona. Siku ile hatukujua lolote la hayo. Nakumbuka tu bibi akitufungia ndani tusione.

Nakuomba jambo moja. Kama utaruhusiwa, nipigie picha zile karatasi mbili za ECG, ya kabla ya kalisiamu na ya baada, ukiwa umefunika jina na namba ya mgonjwa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wameshakariri 61 mara logi, lakini hawajaona bado namba hiyo ikitanua QRS ya mtu.

Ngisi nilimkaanga kwa ndimu na pilipili manga. Ule uzi niliuweka kwenye kikombe cha maji ya chumvi dirishani, na mwanangu mdogo akauliza kama bado una umeme. Nikamwambia hapana, pampu zimekosa chakula, chumvi zimeshalingana pande zote.

Niandikie mzee anaendeleaje, na kama ile nauli ya wiki hii imepatikana. Ikiwa bado, nijulishe kabla ya Jumatano.

Ni mimi somo yako.