Laki sita zako nimezipokea

Newala, Agosti

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo nimelizoea. Hela imefika, laki sita kamili. Ujumbe wako mdogo wako kanisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani amekosea. Ati niwazungukie majirani wenye shida kabla ya msimu, niwape hela sasa, korosho wanipe Oktoba. "Mama, ni biashara tu, kila mtu anafanya."

Hiyo biashara ina jina, baba. Ni kangomba. Wenzetu wa Kagera, kwenye kahawa, wanaiita butura.

Sasa nikwambie jambo ambalo marehemu baba yako hakutaka ulijue. Mwaka 2018 ulipoingia kidato cha kwanza, ada ilikuwa imefutwa, lakini sare na godoro la bweni vilitaka hela. Mwezi wa tatu akaja mtu na pikipiki. Mahindi bado mabichi shambani, tunakula ming'oko, viazi vya porini, asubuhi na jioni. Akatoa laki moja kwa magunia mawili ya korosho. Nikampikia chai, nikamshukuru. Nilimshukuru sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Oktoba akarudi, akakaa kivulini juu ya ndoo iliyopinduliwa, sisi tukawa tunaokota chini ya mikorosho yetu wenyewe, tunanyofoa mabibo, tunajaza, kama vibarua wake. Gunia likijaa alilishindilia kwa goti ziingie zaidi. Novemba ileile Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo. Malipo yalichelewa kwa wengi, sikatai. Lakini gunia la kilo 80 kwa bei hiyo ni 264,000. Piga hesabu mwenyewe, wewe wa Kariakoo.

Mwaka uliofuata hatukuwa na hela ya salfa, dawa ya mikorosho, na usipopuliza, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua yote. Asubuhi moja tukasikia bomba linanguruma shambani. Mjomba wako alikuwa amesema na watu wa mtaa, wakaja saba. Mmoja wao tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila mtu kaleta salfa yake kidogo, mwingine kwenye kopo la maziwa. Na yale mahindi uliyokuwa ukiyakuta nyuma ya jiko asubuhi, mjomba wako ndiye aliyeyaleta usiku, watu wamelala, ili wewe usijue tunasaidiwa.

Wa kwanza uliyemtaja kwenye ujumbe wako ni bibi wa nyuma ya msikiti. Umesema, "Yule hawezi kukataa." Kweli hawezi. Mjukuu wake anaumwa, na msimu uliopita na ule wa kabla yake aliuza kangomba. Kwenye orodha ya kaya masikini hayumo. Siku ya mkutano watu walisema ana mikorosho kumi na saba, huyo ana mali. Anayo, ndiyo. Ila korosho zake zinapata mwenyewe mwingine tangu zikiwa maua. Hata mimi siku ile ya mkutano nilikaa kimya, na sikai kimya mara nyingi, unanijua.

Basi nimefanya hivi, kasirika ukipenda. Laki mbili nimeziingiza kwenye kikundi chetu. Tuko wanawake ishirini na wawili, tunaweka kila Jumamosi, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mimi si mmoja wao, kwa hiyo usinitumie ujumbe wa kuzitoa. Bibi amekopa humo kama mwanachama, kwa jina lake, atalipa akishalipwa baada ya mnada. Hajaambiwa hela imetoka kwa nani. Salfa ya ruzuku ameshapata, ila bomba hana wala nguvu za kulibeba, kwa hiyo elfu arobaini nyingine nimenunua petroli na Jumapili tunampulizia. Yule wa mpaka naye kasema atakuja.

Laki tatu na sitini ziko kwenye simu. Nizirudishe, au nizipeleke kulekule? Mweka hazina anataka kujua kwenye daftari aandike jina langu au lako. Nijibu kabla ya Jumamosi.

Mama yako